Mkono Uliodaka Kengele

Rimu ya lori iligongwa mara tatu juu ya kilima cha shule, na Inspekta wa polisi Apollinaire Vagheni, aliyekuwa akivuka barabara ya Mususa mjini Butembo na viatu vilivyong'arishwa kama vya siku ya ukaguzi, alisimama akakunja uso. Tangu Jumapili wavulana wa bweni waliamshwa kwa rimu. Yeye aliamshwa kwa shaba miaka sita, na hakuona sababu ya kuwaficha watu kwamba tofauti hiyo ilimuuma.

Kengele yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na uzito wa kilo arobaini hivi, na ufa mdogo mdomoni ulioifanya itoe sauti ya puani kama ya mzee mwenye mafua. Lakini sheria yake ilikuwa moja, na haikuwa na msamaha: pigo la kwanza likisikika, mwanafunzi hukata neno. Hamalizi sentensi, wala hamalizi neno lililoko mdomoni. Analikata pale pale lilipofika, na hasemi tena mpaka mwalimu atoe ruhusa. Wana wa wakulima wa vitunguu wa Lubero na wana wa wenye malori wa Kirumba walikata neno pamoja, na ukimya uliofuata ulikuwa kitu ambacho Vagheni hakupata kukisikia tena popote, hata kanisani.

Sasa ulikuwa mwaka wa tatu wa vita ya pili ya nchi, na kengele ilikuwa imeibwa.

Mambo yalikuwa hivi. Jumapili, saa ya misa ya pili, mvua ikipiga mabati, mtu alipanda mnara mdogo wa shule akaiteremsha kengele kwa kamba. Mzee Kitsa, mlinzi, alikuwa amejikinga jikoni. Alisikia mambo matatu, akayaeleza kwa mpangilio: kwanza kitu kilikatika, "sawa kamba ya ngoma", kisha mtu alilia mara moja tu, kisha kengele ikatoa sauti moja iliyozibwa, kana kwamba imefunikwa na koti. Alipotoka hakuona mtu wala kengele. Kamba ilikuwa imekunjwa duara kwa duara na kutundikwa kwenye msumari wake.

Jumatatu Vagheni alifika shuleni kupima na kuandika. Aliyempokea alikuwa Zorobabel Kasika, msimamizi wa bweni. Walisoma darasa moja. Nguo zao zilishonwa namba za dobi zilizofuatana, thelathini na moja ya Kasika, thelathini na mbili ya Vagheni, na kwa namba hizo, kwa Kifaransa, Trente et un na Trente-deux, waliitana mpaka leo. Zaidi ya hayo, Kasika ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa shule katika miaka yao, cheo alichokibeba kama uaskofu. Hakuwahi kumpa Vagheni heshima hata ya salamu. Jumatatu ile, hata hivyo, alimpa mkono wa kulia huku wa kushoto umekishika kiwiko chake kutoka chini, kama watu wa vilima hivi wanavyomsalimu mkubwa wao. Kisha akamkabidhi mafunguo ya mnara kwa mkono huo wa kushoto. "Fungua weye mwenyewe, Inspecteur. Leo weye njo mwenye nyumba." Vagheni alifungua, na shingo yake ikarefuka kidogo.

Juu ya mnara alikuta boriti mpya, laini kama meza, imelowa, na mstari wa kamba iliyoteleza ghafla. Chini palikuwa na nyayo za buti za mpira, za mtu mmoja. Aliandika: mwizi alikuwa peke yake, kamba iliteleza, mzigo ulidakwa kabla haujagusa simenti, kwa kuwa simenti haikuwa na alama.

Askari walioushika mji waliandika mambo mengine. Kapteni wao aliamua kwamba shaba ile ilikuwa safarini kwenda kwa watu wa porini, na kwamba kitu kilichokatika kilikuwa mfupa wa mwizi. Wakatafuta mkono mbovu. Siku hiyo hiyo jioni waliupata Mususa: Ézéchiel Mbusa, seremala, aliyekuwa ameitengeneza ile boriti mwezi uliopita, alikutwa amefunga kiwiko cha kulia kwa kitambaa na majani ya moto. Leo Alhamisi, saa sita mchana, lori lingempeleka Beni kwa kosa la kuwalisha adui. Tangu Januari watu tisa walikwisha kupelekwa Beni kwa kosa hilo. Hakuna aliyerudi.

Vagheni alikuwa ameomba mkono huo uchunguzwe. Kapteni alimpa muda wa saa mbili na askari mmoja.

* * *

Zahanati ya Waprotestanti ilinuka sabuni na kuni za mkaratusi. Mlangoni aliketi Élise Kanyere, mke wa seremala, na sufuria iliyofungwa kitambaa mapajani.

"Inspecteur," alisema bila kuinuka, "nimuletee manteau, koti yake, ao niache? Beni kuko joto."

"Ngoja kwanza, mama."

"Minangoja toka Lundi, toka ile jioni walimukamata."

Ndani, Mama Jokébed alivaa miwani yake iliyoshikwa na uzi. Alikuwa muuguzi tangu kabla ya vita zote mbili, na siku za mechi ndiye aliyekuwa akiwarudishia wavulana wa bweni mabega yao mahali pake.

"Wabukire, Inspecteur," alimwamkia. "Nani mugonjwa, huyu ao huyu wa bunduki?"

"Mi niko muzima, Mama," askari alisema haraka.

"Bon. Basi bunduki ikae inje. Hapa ndani mi njo commandant."

Askari alimtazama Vagheni, akacheka, akaiegemeza bunduki nje ya kizingiti. Ézéchiel Mbusa aliketishwa kwenye benchi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na siku tatu za mahabusu hazikuwa zimeliondoa.

"Vua shemizi. Mikono yote mbili. Minaanzaka na ule muzima," Jokébed alimweleza Vagheni. "Mukono muzima njo shahidi ya ule mugonjwa."

Seremala alivua shati, Vagheni akafungua daftari. Kanuni hiyo ilimpendeza. Angeweza kuiandika ukutani kwake ofisini.

"Nyoosha yote mbili mupaka mwisho."

Mikono ilinyooka sawasawa. Jokébed aliigusa mifupa mitatu ya kila kiwiko, ile inayotokeza, akilinganisha. "Andika. Hapana vimba, hapana damu chini ya ngozi. Mutu wa mufupa ya kuvunjika, mara mingi hawezi kunyoosha vile. Sasa kunja kidogo." Alishika kiwiko kwa mkono mmoja na kifundo kwa mwingine, akakisukuma upande kama mtu anayejaribu mlango, kwanza ndani, kisha nje. "Mulango hapana kufunguka. Kamba za pembeni ziko nguvu." Akagonga kwa ncha ya kidole katika kile kibonde nyuma ya mfupa wa ndani. "Vidole viwili vya mwisho, vinawasha?"

"Hapana, Mama."

"Kunja ngumi. Mugongo ya mukono uangalie juu. Inua ngumi, mi nakukataza."

Ézéchiel aliinua; Jokébed alikandamiza.

"Aii! Mama yangu!"

"Wapi? Onyesha na kidole kimoja, hapana na mukono muzima."

Kidole kilitua kwenye mfupa wa nje wa kiwiko. Jokébed aliupindua mkono uelekee chini, akakunja kifundo, na taratibu akakinyoosha kiwiko; seremala akauma midomo na kuonyesha pale pale. Alipojaribu upande wa ndani, seremala hakuumia.

"Inauma toka lini?"

"Toka mwezi wa kumi. Mabenchi ya paruwasi, ya kanisa, makumi ine. Randa, tournevis ya kukaza skurubu, randa, tournevis. Bibi yangu Élise alisema nipumzike. Mi nikasema Noeli haipumzike."

"Njo ile," Jokébed alisema, akavua miwani. "Inspecteur, huyu iko na mukono ya kazi. Hapana mukono ya kuanguka. Mi nitatia sinyatiri yangu chini ya karatasi."

Vagheni aliandika mpaka nukta ya mwisho. Kisha akafunga kalamu, kwa sababu alimjua Kapteni. Karatasi inayosema mkono huu siyo haingelisimamisha lori. Ilihitajika karatasi inayosema mkono ni ule.

"Mama Jokébed. Mtu amesimama hivi." Alikunja mikono, viganja juu, kama anayepokea mtoto. "Kilo arobaini zinamwangukia ghafla, naye hataki zifike chini. Nini kinakatika?"

Askari, aliyekuwa akisikiliza kwa makini kuliko alivyotumwa, alisema, "Mugongo."

"Nyamaza. Ézéchiel, kunja kiwiko, kiganja kikutazame uso. Kaza." Jokébed aliingiza kidole cha shahada katika kunjo la kiwiko, kutoka upande wa nje, akakipinda kama ndoano na kuvuta. Chini ya ngozi palitokeza kamba. "Leta kidole chako, Inspecteur. Unasikia?"

Vagheni alisikia. Ilikuwa imara kama waya wa gitaa. Akajipima mwenyewe, akaikuta.

"Ile njo inashikaka musuli ya mbele. Ikikatika, inakatika na sauti. Hata mutu wa pembeni anasikia. Musuli inapanda juu, inafanya donge. Unatia kidole hapa, hapana kintu. Kidole kinapita mu bure. Na mutu ule hapana weza kupindua kintu. Tournevis, ufunguo mu kufuli, hapana. Anatembea sawa hivi."

Akakitwaa kiwiko chake cha kulia kwa kiganja cha kushoto, kutoka chini.

Vagheni aliutazama mkono wa yule mama kwa muda mrefu kiasi kwamba askari naye akautazama. Kamba haitupwi: hivyo ndivyo walivyofundishwa bwenini, kabla hawajafundishwa Kilatini. Ni mwizi gani, mkono umekatika na mvua inampiga, angeikunja kamba na kuirudisha kwenye msumari wake? Na ni nani siku ya Jumatatu alimpa mtu mafunguo badala ya kufungua mwenyewe?

Ilikuwa imempasa kuona. Miaka sita Thelathini na Moja hakumshikia kiwiko mtu yeyote isipokuwa maaskofu. Lakini yeye Vagheni aliona heshima mahali palipokuwa na maumivu, kwa sababu heshima ndiyo aliyokuwa akiingoja.

Saa yake ilisema saa nne kasoro dakika kumi.

"Wasingya, Mama," alimshukuru, akachukua kofia yake.

* * *

Kasika alikuwa katika chumba cha msimamizi, chini ya mnara, amevaa koti zito lililofungwa mpaka shingoni. Ukutani ratiba ya zamani ilikuwa bado imebandikwa, karatasi imekuwa rangi ya chai: kuamka, kunawa, misa, masomo. Vagheni aliikuta namba yake mwenyewe pembeni, imechorwa kwa msumari, mwaka ambao mvua ilibomoa jiko nao wakala maharage mabichi.

Hakutoa mkono. Aliweka mafunguo mezani.

"Fungua mnara, Trente et un."

"Ulifungua weye Lundi." Kasika alitabasamu. "Unapenda kufungua."

"Leo nataka kuona unafungua. Kwa mkono wa kuume."

Tabasamu lilikaa kidogo, likaondoka. Kasika alichukua ufunguo, akautia kwenye kufuli ya mlango mdogo, akajaribu kuupindua. Bega lake zima lilipinda, na ufunguo haukupinda. Jasho lilimtoka, na Butembo asubuhi ile kulikuwa na baridi ya sweta mbili.

"Kaa. Vua koti."

"Trente-deux, hapana lazima."

"Vua."

Kunjo la kiwiko lilikuwa na rangi ya mbilingani. Juu yake msuli ulikuwa umejikusanya kama yai la bata. Vagheni aliukunja mkono ule kama alivyoonyeshwa, kiganja kikielekea uso, akatia kidole kutoka upande wa nje. Kidole kilipita. Akajaribu tena polepole, kwa kuwa ushahidi hujaribiwa mara mbili, kikapita tena. Kisha akaupima mkono wa kushoto, ulio mzima, na kamba ilikuwepo.

"Kengele iko wapi?"

"Mu tanuru ya matofali. Chini ya kuni." Kasika alipumua. "Merikuredi ya juma ilipita, Kapteni alipanda hapa. Akaigonga na kidole. Weye unajua alisema nini? Hapana 'inaita muzuri.' Aliuliza: 'Iko kilo ngapi?' Mutu anaulizaka kengele kilo?"

Vagheni aliliandika swali hilo daftarini.

"Mi njo nililinda ile kengele, toka tuko batoto. Nikasema, hawa hapana tengeneza nayo masasi ya bunduki. Nikateremusha mwenyewe, nisiambie mutu, kusudi mutu asipigwe. Kamba ikateleza. Ningeiacha ianguke, ingepasuka mu ule ufa. Nikadaka." Aliutazama mkono wake kama mali ya mtu mwingine. "Niliisikia ikikatika. Nilifikiri ni kamba."

"Na Ézéchiel Mbusa?"

"Nilisikia Mardi."

"Leo ni Alhamisi. Siku mbili."

"Nilisema batamuachia. Mutu hana kosa, batamuachia."

"Uliwaambia watoto hivyo hapa? Kwamba asiye na kosa huachiwa mwenyewe, wenye kujua wakikaa kimya?" Vagheni hakupaza sauti. Hakuwahi kuipaza kwa jambo zito. "Mke wake ananiuliza kama ampelekee koti, kwa sababu Beni kuna joto. Umevaa koti, Trente et un. Lifunge. Tunashuka."

Kasika aliinuka. Alilivaa koti kwa mkono mmoja, na Vagheni, ambaye hakuwa amemsaidia mtu kuvaa tangu mamake alipokufa, alimfungia vifungo kutoka juu hadi chini.

* * *

Saa tano na nusu lori lilikuwa likinguruma uani kwa Kapteni, na Ézéchiel alikuwa amekwisha kufungwa mikono. Kapteni, kijana mwenye miwani ya jua na redio ndogo kiunoni, alisoma karatasi ya zahanati akaikunja.

"Inspecteur, unaniletea karatasi ya mama mukongwe. Mi nataka mukono."

"Nimekuletea mikono miwili. Tia kidole mwenyewe."

Askari walisogea. Kapteni alisita, lakini mtu mwenye amri hawezi kuogopa kiwiko mbele ya watu wake. Vagheni aliongoza kidole chake katika kunjo la mkono wa seremala.

"Hapa iko kamba," Kapteni alikiri.

"Sasa huyu."

Kidole kiliingia katika kunjo la Kasika. Kapteni alikirudisha haraka kama aliyegusa kitu kilichokufa. "Hapana kintu! Eh, masta, ulifanya nini?"

"Nilidaka kengele," Kasika alisema.

"Mtunzaji wa mali ameihamisha mali aliyopewa kuitunza," Vagheni alisema, akilisoma neno kwa neno lile aliloliandika. "Kama ni kosa, hakimu wa raia huko Beni atasema. Lakini si wizi, na hakuna kilichokwenda porini. Kengele iko nje kwenye mkokoteni. Nimeifunga kwa lakiri, namba ya kielelezo ni nne. Itasafiri na mshtakiwa, nami nasafiri nayo, kwa sababu kielelezo hakiachwi. Utanitilia saini kwamba umeiona ikiwa nzima."

Kapteni aliitazama kengele kupitia lango wazi, kilo arobaini za shaba zikiwa na nta nyekundu shingoni. Kisha akawatazama askari wake, ambao wote walikuwa wameona kidole chake kikipita mu bure. Akatia saini kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi. "Fungua huyu fundi. Toka hapa!"

Élise hakusema asante. Alimshika mume wake kwenye bega, akabeba sufuria yake, wakaenda. Lakini hatua chache mbele Ézéchiel aligeuka akarudi kwa Kasika.

"Maître, ile boriti. Nilipitisha randa sana. Nilitaka iwe muzuri, njo kamba iliteleza. Unisamehe."

Kasika alimwinamishia kichwa seremala.

Kengele ilipakiwa kati ya magunia. Vagheni alipanda kwanza, akageuka kumvuta mwenzake. Thelathini na Moja alimpa mkono wa kushoto, ule mzima, akapandishwa. Walipokwisha kusimama, Kasika alinyoosha ule wa kulia bila kuushika popote, ukining'inia nusu njia. Vagheni aliupokea kwa wake, na kwa mkono wa kushoto akakishika kiwiko chake mwenyewe, kutoka chini.

Hawakutazamana. Lori liliwapita wanunuzi wa kahawa, likalipita tanuru la mwisho la matofali, likaingia barabara ya Beni.

"Hakimu atakuuliza," Vagheni alisema, akifungua daftari juu ya goti, "kwa nini ulinyamaza siku mbili. Usimwambie habari za Kapteni kwanza. Anza na seremala. Sema jina lake kamili, kisha useme kwamba ulijua, kisha useme kwamba uliogo—"

Gurudumu liliingia shimo. Ulimi wa kengele ukagonga mdomo mara moja, sauti ile ile ya puani, ikapanda mpaka kwenye mikaratusi.

Neno la Inspekta lilibaki limekatika pale lilipofika. Kasika alikuwa amenyoosha mgongo. Wazee hao wawili walikaa kimya bega kwa bega, macho mbele, wakingoja ruhusa ya kusema, na lori lilikuwa limevuka vilima vitatu kabla yeyote hajakumbuka kwamba hapakuwa na mtu wa kuitoa.